Barua ya wazi kwa wenye funguo za kumbi za Unguja na Pemba

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mpigaji wa qanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, mkaazi wa Kikwajuni, na mchana ni mwalimu wa fizikia wa skuli ya sekondari. Nakuandikieni kwa niaba yangu na ya wenzangu kumi na tatu. Maombi yetu tumeshayaleta ofisini mara tatu. Kila mara barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na jibu tukapewa kwa mdomo tumesimama kwenye ngazi. Jibu la mdomo halina pa kulikatia rufaa. Ndiyo maana safari hii nimeandika mbele ya watu wote, ili na nyinyi mpate kunijibu mbele ya watu wote.

Tunaomba ukumbi. Ukumbi wenye kuta nne, paa, na mlango unaofungika, baada ya sala ya Isha, kwa miezi mitatu ya mazoezi na siku nne za maonesho: mbili Unguja, mbili Pemba. Pesa hatukuomba na hatuombi. Vyombo tunavyo, viti tutaazima kwa majirani, umeme tutaulipia wenyewe.

Kazi yenyewe ni opera ndogo, na najua neno hilo huwafanya watu wakunje uso kabla hawajasikia lolote, kwa hivyo nitalieleza. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake kwa kawaida hawasemi, wanaimba, tokea mwanzo mpaka mwisho, na muziki ndio unaobeba kisa. Ziko kubwa zinazotaka jukwaa la ukubwa wa kiwanja cha mpira. Yetu ni ya chumbani: waimbaji watano, wapigaji tisa, saa moja na dakika kumi. Fidla mbili, chelo, dablubesi, qanuni, udi, nai ambayo ni filimbi, akodiani, na mtu mmoja wa ngoma za mkono, dumbaki na rika. Aliyewahi kukaa kwenye harusi ya Mji Mkongwe ataitambua hesabu hiyo mara moja, maana ni kikundi cha taarab ya kinanda vile vile kilivyo. Maneno nimeyatunga mimi kwa vina na mizani. Sauti ametia mwenzangu mpiga chelo, mzaliwa wa Wete, na ilimchukua miaka miwili kwa sababu kila wimbo aliurudia mpaka neno la Kiswahili likakaa mahali pake bila ya kuvutwa.

Kisa chake ni hiki. Binti wa Pemba amekwenda kuishi sayari ya Mirihi pamoja na watu wachache. Mama yake amebaki Wete. Huko Mirihi yupo fundi wa maji, yupo mzee mmoja aliyehama uzeeni, na yupo mtoto aliyezaliwa huko huko ambaye dunia hii yetu anaiona angani kama nyota. Hao ndio watu watano wa mchezo wetu.

Jibu la kwanza tulilopewa ngazini lilikuwa hili: Mirihi haituhusu sisi, tafuteni jambo la hapa.

Waheshimiwa, babu yangu mzaa mama alikuwa dereva. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga kituo Tunguu, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia ili kusikilizana na marubani wao wa angani, na babu akapata kazi ya kuwachukua mafundi mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa kutoka Florida, akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Aliivuka Atlantiki, akasikilizana na kituo cha Kano kule Nigeria, na baada ya Kano zamu ya kuzungumza naye ilikuwa yetu. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, jioni, jua linaelekea kuchwa. Babu alikuwa nje ndani ya gari, amefunga, tende zake ziko kwenye karatasi juu ya dashibodi. Ndani ya jengo, hapo Tunguu, watu walikuwa wanamuuliza mtu aliye juu ya mawingu hali yake.

Sauti hiyo babu hakuisikia. Alichokiona ni mlango unafunguliwa, mafundi wanatoka wakipeana mikono, na mmoja wao anamwashiria juu kwa kidole. Babu akatazama, hakuona kitu, akaendelea kungoja adhana. Miaka miwili baadaye, baada ya Mapinduzi, kituo kilifungwa, naye akarudi kuendesha gari ya shamba. Kisa hiki alitusimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa swali lile lile: alikuwa akisema nini yule mtu? Mimi nimekua na swali hilo. Opera yetu imeota hapo.

Kwa hivyo mtu akiniambia angani hakutuhusu, mimi namuona babu na tende zake.

Tena tulitazame jambo lenyewe la kuhama. Kuna watu gani duniani wanaolijua kuliko sisi? Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, na walioyaweka mawe yale walikuwa watu wenye habari za ng'ambo. Hakuna ukoo hapa ambao hauna bibi anayesema "sisi asili yetu" kisha akataja pahala pengine: Shungwaya, Shihiri, Ngazija, Manyema, Kachi. Wako waliokuja kwa tanga na mizani ya biashara. Wako walioletwa kwa minyororo wakauzwa Mkunazini, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Wote hao wameacha watoto, na watoto wamesema hapa ndipo kwetu. Mtoto wa opera yetu anaimba hivi, akiwajibu wakubwa wanaomhadithia Pemba kila usiku:

Mwasema mlihamia, mimi sikuhama katu,
Hapa nilipoanzia, ndipo mahali pa kwetu.

Mwimbaji wetu alipoiimba beti hiyo mara ya kwanza, mpiga akodiani, mtu mzima wa miaka sitini na tano, aliweka chombo chini akatoka nje kidogo. Hakutuambia kwa nini, nasi hatukumuuliza.

Safari yenyewe ina mambo ambayo mabaharia wetu wangeyaelewa haraka kuliko mtu wa bara. Mirihi haiendewi siku yoyote. Dunia na Mirihi hukaribiana kila baada ya miezi ishirini na sita hivi, na chombo kinachotaka kwenda lazima kiondoke wakati huo, kisafiri miezi sita hadi tisa. Anayekosa msimu anangoja msimu. Jahazi zilizokuja na kaskazi zikangoja kusi ili zirudi zilikuwa katika hesabu hiyo hiyo, ila yao ilikuwa fupi. Mzee wa opera anaimba juu ya bandari ya Malindi ya utoto wake, vyombo vimejaa, watu wanangoja upepo ugeuke, na katikati ya wimbo tunatambua kwamba hazungumzii tena jahazi. Wimbo huo upo katika Bayati, moja ya maqamu, yaani njia za sauti za muziki wa Kiarabu, na mimi nauona ndio mzuri kuliko zote, ingawa mwenzangu aliyetia sauti hakubaliani nami.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuomba ukumbi wenye mlango, maana hapa ndipo tusipofahamika.

Sauti ya redio kutoka hapa mpaka Mirihi inakwenda kwa mwendo wa mwanga, na hata hivyo inachukua karibu dakika tatu sayari mbili zikiwa zimekaribiana sana, na dakika ishirini na mbili zikiwa mbali kabisa. Hakuna mtambo utakaolipunguza hilo. Mama wa Wete na binti yake hawawezi kuzungumza kama mimi nizungumzavyo na ndugu yangu aliyeko Muscat. Mama atauliza, atangoja. Jibu litakapofika, binti atakuwa ameshaingia kwenye jambo jengine.

Katika sehemu ya kwanza mama anaimba:

Mwanangu huko uliko, je, jua linakuchwaje?
Usingizi upo huko, na usiku mwalalaje?
Nimeweka jiko lako, sijui nilizimeje;
Nasikiza mwito wako, sauti itafikaje?

Akimaliza hapo vyombo vyote vinanyamaza. Hakuna fidla, hakuna ngoma. Mama anachukua ungo, anakaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Dakika tatu nzima, tumezipima kwa saa; kungoja kwa kweli kungekuwa mara mbili ya hapo, maana swali lina safari yake na jibu lina yake. Kinachosikika ni punje zinazoteleza kwenye ungo na mkono unaotoa chuya na vijiwe. Anapepeta mara mbili. Anatazama mlangoni. Msikilizaji naye, kama yumo kweli, anaanza kungoja pamoja na mama, na ile dakika ya tatu inakuwa ndefu kama usiku wa mtu mwenye mgonjwa hospitali. Halafu, kutoka nyuma ya watazamaji, pasipo na chombo chochote, sauti ya binti inaingia: huku jua likichwa, pembeni yake anga linakuwa la buluu. Na ni kweli. Mirihi mchana anga lake ni la rangi ya vumbi, magharibi yake ndiyo ya buluu, kinyume na yetu.

Katika sehemu ya mwisho Mirihi imeshakwenda mbali. Mama anauliza swali moja, dogo tu, kisha mchezo unaendelea na mambo mengine kabisa, na dakika ishirini na mbili baadaye, ambazo nazo ni nusu tu ya safari ya kweli ya kwenda na kurudi, jibu linafika. Mama keshalala. Redio inaimba peke yake chumbani. Swali lilikuwa nini na jibu lilikuwa nini sitaandika hapa, nataka mje mlisikie.

Mwaka jana tulijaribu sehemu ya kwanza kwenye uwanja wa wazi, mahala tulipopewa baada ya kuomba sana. Upande mmoja palikuwa na jenereta. Upande wa pili bodaboda zilipita, na mkahawa wa jirani ulikuwa na spika yake. Mama alipokaa na ungo, watu walidhani mitambo yetu imeharibika. Wengine wakaondoka, vijana wakapiga miluzi, na mwimbaji wetu, ambaye ni mwanamke mwenye subira kuliko sote, aliendelea kuchambua mchele mpaka dakika tatu zikaisha huku machozi yanamtoka. Mchele haukusikika hata punje moja. Sikuwalaumu waliopiga miluzi. Hawakupewa nafasi ya kusikia kimya.

Ndiyo maana mkituambia "nendeni Ngome Kongwe, ndiko kwenye sanaa", tunashukuru lakini hatuwezi. Pale mimi mwenyewe nimepiga, na nimewasikiliza wakubwa wa kazi hii, na tamasha la Sauti za Busara limepajengea heshima duniani tokea 2004. Pale ni pa ngoma, pa spika, pa watu elfu. Opera hii haina spika hata moja. Imetungwa kwa ajili ya watu mia moja na ishirini waliokaa karibu kiasi cha kusikia punje ya mchele.

Kuna sababu nyengine inayotaka kuta, nayo ni sauti ya Mirihi yenyewe. Chombo cha Wamarekani kiitwacho Perseverance kilitua huko tarehe 18 Februari 2021 kikiwa na maikrofoni, na wanasayansi wamepima sauti za kule. Hewa ya Mirihi ni nyembamba, mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya ule wa hewa yetu, na karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Sauti inakwenda pole, kiasi cha mita 240 kwa sekunde, wakati hapa ni kama 340. Na sauti nyembamba hazifiki mbali: hewa ile inazimeza, zinabaki nene, nazo hafifu. Nilimweleza mwenzangu jambo hili jioni moja tukinywa chai Darajani. Hakulala. Asubuhi alikuja na ukurasa mpya. Fundi wa maji anatoka nje ya makaazi kwenda kutafuta barafu chini ya ardhi, na muziki unatoka naye: ya kwanza kufa ni nai, kisha fidla ya kwanza, kisha ya pili, kisha qanuni yangu, nyuzi sabini na kitu zote, napiga lakini kwa ncha ya kidole mpaka sisikiki. Kinabaki besi na dumbaki lililopigwa katikati kwa kiganja. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliyehudhuria mazoezi alifahamu usiku ule somo la mawimbi nililomfundisha wiki mbili bila ya kufahamu.

Mmoja wenu alituuliza, na aliuliza kwa nia njema, kama hatuwadanganyi vijana kwamba wataishi Mirihi. Hatuwadanganyi. Ndani ya chombo kile cha Perseverance kulikuwa na kijitambo cha kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Kwa kazi yake yote, mpaka kilipomaliza mwaka 2023, kilitengeneza gramu 122. Mtu mmoja hazimtoshi kuvuta hata robo ya siku. Udongo wake una chumvi zenye sumu, baridi yake kwa wastani ni nyuzi sitini na kitu chini ya sifuri, na aendaye hana uhakika wa kurudi. Yote hayo yamo katika nyimbo za fundi wa maji, na hakuna hata wimbo mmoja unaosema nendeni. Binti anakwenda kwa sababu shamba lao la mpunga limeingiwa na maji ya bahari. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Pemba anayeyajua mabonde yaliyogeuka chumvi. Anakwenda, na kule anaamka kila asubuhi kupigania maji matamu, kama alivyoyaacha.

Tuliulizwa pia kuhusu dini, na hapa natambua kwamba aliyeuliza alikuwa na wajibu wa kuuliza. Katika mchezo mzee anataka kusali na hajui aelekee wapi. Hatukulibuni hilo tuchekeshe watu. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha angani wakati wa Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake wakakaa wakatoa mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aielekee dunia, na asipoweza hilo basi popote. Mzee wetu anatoka kwenda dirishani, anaitafuta dunia. Ni nukta. Anaitandikia msala nukta hiyo. Maneno ya sehemu hiyo niliyapeleka kwa sheikh wa mtaani kwetu kabla hata ya kutiwa sauti. Akanisahihisha neno moja na akaniombea dua. Nakala yenye masahihisho yake ninayo, nitaileta mkitaka.

Sehemu ya furaha nayo ipo. Wahamiaji wanagombana kuhusu Mwaka, ile sikukuu yetu ya mwaka mpya. Kogwa lini? Makunduchi wanahesabu siku mia tatu sitini na tano, na Mirihi huzunguka jua kwa siku 687. Mtoto ambaye kwa hesabu ya bibi yake ana miaka saba, kwa hesabu ya alikozaliwa hajatimiza minne. Wanagombana kwa kuimba, wanapigana, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, kwa vigogo vya migomba ambavyo hawana, na mwisho wanafanya Mwaka mara mbili. Hapo tu ndipo tulipoacha mlango wa kutunza: anayetaka kusimama na noti yake amwendee mwimbaji, kama tulivyozoea, asimame. Wengine wameniambia opera haiendi hivyo. Yetu inakwenda hivyo.

Na hili linanifikisha kwenye jibu lililotuumiza zaidi: kwamba opera si utamaduni wetu.

Qanuni ninayoipiga ilikuwa ya nani? Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kuipiga. Cairo ya wakati huo ilikuwa imeshajenga nyumba yake ya opera, iliyofunguliwa mwaka 1869. Kwa hivyo taarab na opera zilikuwa jirani katika mji mmoja kabla ya taarab haijapanda meli kuja kwetu. Fidla na akodiani zilitoka Ulaya. Klabu ya Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na miaka mingi nyimbo zilizopendwa majumba ya wakubwa zilikuwa za Kiarabu. Akaja mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad, akaziimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurikodi santuri. Kama kungekuwa na mtu kwenye ngazi aliyemwambia Siti kwamba kinanda si utamaduni wetu, leo mngekuwa mnalinda nini?

Sisemi tunafanana na Siti, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasema mlango alioupita yeye haukufungwa.

Vijana hatukuwaokota mitaani wasiojua kitu. Fidla ya pili na nai wamesoma katika chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na ambacho kimefundisha mamia kusoma noti na kupiga maqamu pamoja. Wanasoma noti vizuri kuliko mimi. Lakini baada ya masomo kazi yao ni kupiga mahotelini, nyimbo zile zile nne, wageni wakila. Hiyo ni riziki halali na siidharau. Nami nimesomesha watoto wangu kwayo. Msanii aliyefundishwa miaka mitano akawa haulizwi chochote kigumu hata siku moja, mikono yake inasahau.

Ukumbi tunaouomba Unguja mnaujua na mimi naujua. Sitautaja, maana sikuandika ili kumtahayarisha mtu. Umefungwa. Nilipita wiki iliyopita nikachungulia kwenye ufa wa mlango: jukwaa lipo, sakafu ya mbao imeinuka upande mmoja, popo wamo. Nilipiga kofi moja kupitia ule ufa, na sauti ikazunguka ndani ikanirudia kavu na safi. Sijasikia chumba kama kile mjini hapa.

Nyumba ya mawe na chokaa haipendi kufungwa. Inanyonya unyevu, boriti zinaoza kimya kimya. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Nilikuwa Forodhani jioni ile. Vumbi lilikuwa bado halijatua. Silaumu mtu katika hilo. Ninachosema ni kwamba watu kumi na wanne wanaofungua madirisha kila usiku, wanaofagia, wanaoona mapema pale panapovuja na kukupigieni simu, ni ulinzi ambao hamtaulipia. Fundi seremala tunaye, ni mpiga dablubesi wetu. Ameshapima ile sakafu kwa macho kupitia ufa ule ule na amesema mbao sita tu zinatosha.

Pemba ni rahisi zaidi, nashangaa kwa nini hapajajibiwa. Tunahitaji ukumbi wa skuli, Wete au Chake Chake, usiku mbili za likizo. Mwenzangu aliyetia sauti ana mama yake Wete, umri wake umekwenda, na miguu haimruhusu kuvuka bahari. Wimbo wa ungo umetungwa kwa mwendo wa mikono yake anavyopepeta. Hajausikia.

Natambua mna mambo mengi mezani. Ila naomba mje kabla hamjakataa. Mazoezi yetu ni Jumanne na Alkhamis baada ya Isha, nyumbani kwangu Kikwajuni, chumba cha mbele, tumebanana na dablubesi lipo ukumbini mwa nyumba, mlango wazi. Mkija saa tatu usiku mtawahi sehemu ya mama. Feni huwa tunaizima. Akija mmoja wenu tu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, akakaa dakika tatu zile, kisha akasema hapana na kutia saini, nitaipokea barua yake na nitaitundika ukutani kwangu.

Jambo la mwisho ni la wakati. Masika yakianza, ngozi ya qanuni hulegea kwa unyevu na sauti zote hushuka, na kwenye chumba changu hakuna namna ya kuizuia. Tungependa tuwe tumeshaingia ndani ya kuta zile kabla ya mvua, tukaanze na mbao sita.

Wenu katika kazi hii,

Mpigaji wa qanuni na mtunzi wa maneno,
Kikwajuni, Unguja